Homa ya Mafua kwa Mtoto Mchanga: Tusingoje Kikohozi

Bwana mmoja, karani wa kituo cha kununulia majani ya chai upande wa Mogogosiek, ametuandikia barua ndefu, nasi twamshukuru, maana swali lake ni la watu wengi. Asema kwamba siku ya Jumatatu yeye mwenyewe alirudi nyumbani akiwa na mafua, viungo vikimwuma na kichwa kikimgonga. Jumatano mtoto wake mkubwa, mwenye umri wa miaka minne, akashikwa na homa kali, akatapika usiku kucha. Ijumaa mtoto wao mchanga wa wiki saba akaacha kunyonya. Hakukohoa, wala hakuwa na kamasi, alilala tu. Majirani wakasema kwamba yule mkubwa amekula kitu kibaya, na huyu mdogo amepigwa na baridi ya Kericho. Mama mtu hakuridhika. Alimfunika mwanawe, akaenda naye hospitali, na huko akaambiwa kwamba amefanya vema kutongoja asubuhi. Mtoto alilazwa siku sita, akapona. Sasa baba yake auliza: "Yawezekanaje watu watatu wa nyumba moja waugue ugonjwa mmoja, na kila mmoja aonyeshe dalili zake mbali?"

Jibu ni kwamba yawezekana, tena ndiyo desturi ya ugonjwa huu. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu, na mkulima wa Kericho, ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri, hana haja ya kufundishwa methali hiyo. Kwa mtu mzima homa ya mafua huja na mawingu yake: baridi mwilini, koo kukereketa, kikohozi kikavu, maumivu ya mgongo na viungo. Lakini kwa mtoto mchanga mvua yaweza kunyesha mbingu zikiwa nyeupe. Kadiri mtoto alivyo mdogo, ndivyo ugonjwa huu unavyojificha. Na mzazi angojaye kikohozi ndipo asadiki kwamba mtoto ni mgonjwa, huenda akangoja kupita kiasi. Hilo ndilo neno letu la juma hili.

Kwanza yafaa tuujue ugonjwa wenyewe. Homa ya mafua, ambayo madaktari huiita influenza, si mafua mepesi ya kila siku. Mafua mepesi huja polepole, nayo hayamlazi mtu. Homa ya mafua huja ghafla, hata mtu aweza kusema ni saa ngapi ilipomshika. Huletwa na virusi, wala si baridi wala mvua. Kazi ya baridi ni kuwakusanya watu ndani ya nyumba, wakafunga madirisha na kukaa karibu karibu, na hapo virusi hupita upesi kutoka kwa mmoja hata mwingine kwa mate ya kikohozi, chafya na mikono. Katika Kenya virusi hivi huonekana mwaka mzima, si mwezi wa Julai peke yake. Tangu mtu kuambukizwa hata kuugua ni siku moja mpaka nne. Ndiyo maana katika nyumba ya karani wetu ugonjwa ulipita kitanda kwa kitanda katika juma moja.

Wala si ugonjwa mgeni kwetu. Mwezi wa Septemba 1918 uliingia Mombasa kwa njia ya bahari, ukafuata reli kwenda bara, na watafiti wamekadiria kwamba katika nchi hii peke yake uliua zaidi ya watu laki moja. Ukaizunguka dunia tena mwaka 1957, na tena 1968. Mwaka 2009 aina mpya ilitokea, na mtu wa kwanza kuthibitishwa katika Kenya alionekana mwishoni mwa mwezi wa Juni, katika kundi la wanafunzi wa udaktari kutoka Uingereza waliokuwa wamefika Kisumu, mji usio mbali na mashamba yetu ya chai. Lakini tusidhani kwamba homa hii huua katika miaka ya sifa tu. Wataalamu walihesabu kwamba mwaka 2018, mwaka wa kawaida, watoto zaidi ya milioni 100 walio chini ya miaka mitano waliugua homa ya mafua duniani. Katika wale waliofia hospitalini, kiasi cha theluthi moja walikuwa hawajatimiza hata miezi sita.

Basi tuanze na hao wadogo kabisa, tangu kuzaliwa mpaka miezi miwili. Mtoto wa umri huu hana nguvu ya kukohoa sana, na mwili wake haujajifunza kupigana na ugonjwa. Dalili ya kwanza mara nyingi ni ziwa. Mtoto aliyekuwa akinyonya kwa bidii sasa hunyonya mara mbili tatu akaacha, au hataki kabisa. Pengine pua imeziba, na mtoto mchanga hupumua kwa pua. Hawezi kunyonya na kupumua kwa pamoja. Pengine hulala usingizi mzito, haamki kwa kunyonya, au hulia kwa sauti nyonge. Mwili waweza kuwa moto. Lakini waweza pia kuwa baridi kuliko desturi, na baridi hiyo ni dalili mbaya sawa na moto. Kwa kipimo, joto la 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, kwa mtoto wa umri huu ni jambo la hospitali. Tena wako watoto ambao pumzi yao husita kwa sekunde kadhaa, kisha ikaanza tena. Daktari mwenyewe hawezi kujua kwa macho kama hii ni homa ya mafua au ni sumu iliyoingia katika damu. Kwa hiyo kanuni ni moja: mtoto wa chini ya miezi miwili akiacha kunyonya, au akiwa na homa, apelekwe saa ile ile, hata kama ni usiku.

Sasa tuje kwa mtoto wa miezi miwili mpaka mwaka mmoja. Huyu mara nyingi huwa na homa, kamasi na kikohozi, lakini pia hutapika na kuharisha. Hapo ndipo wazazi hukosea njia mbili. Wengine husema, "Ni tumbo," wakasahau kifua. Wengine husema, "Anaota meno." Meno humfanya mtoto atoe mate na kuwa mkali, lakini hayaleti homa kali, wala hayamfanyi mtoto apumue upesi. Mtoto wa miezi minane mwenye homa kali ni mgonjwa, awe ana meno au hana. Mama aangalie pia maji ya mwili. Nepi ikikaa kavu kwa muda wa saa sita, mtoto akilia bila machozi, au utosi ukibonyea, mtoto huyo amepungukiwa na maji.

Mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano hushikwa na homa ya ghafla, pengine ya 39 au 40. Hawezi kusema, "Kichwa chauma, mgongo wauma." Husema kwa njia yake: hukataa chakula, hutaka kubebwa, hulia akiguswa. Wengi hutapika na kulalamika tumbo, kama yule mtoto wa karani. Wengine hupata kikohozi cha kubweka, na sauti ikakauka. Mwingine hujivuta sikio, kwa kuwa ugonjwa umeingia sikioni, na siku chache baadaye usaha ukatoka. Na yupo mtoto ambaye homa inapoanza kupungua hukataa kutembea, akisema miguu yauma, hasa mashavu ya miguu. Jambo hili huwatisha wazazi wakafikiri ni kupooza au ni uchawi. Kwa kawaida hupita kwa siku chache. Lakini mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au miguu ikikosa nguvu kabisa, apelekwe kwa daktari.

Homa kali yaweza pia kuleta degedege kwa mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano. Si ndege wala pepo. Ni ubongo mchanga kushindwa kuvumilia homa. Mlaze mtoto kwa ubavu, umwondolee vitu vya kumwumiza, wala usimtie kijiko, kitunguu wala kidole kinywani. Usimfukize moshi. Tazama saa ujue imechukua dakika ngapi, kisha mpeleke hospitali, hata kama imekwisha kukoma, ili madaktari wahakikishe kwamba si malaria au ugonjwa wa uti wa mgongo.

Juu ya malaria twataka kusema neno, kwa kuwa katika nchi yetu ya chai kila homa hupewa jina hilo. Ni kweli kwamba malaria hupanda milimani. Mashamba makubwa ya Kericho yamepata kukumbwa na mlipuko wake zaidi ya mara moja. Wala ubaridi wa nchi haumlindi mtoto aliyetoka kulala usiku huko Muhoroni au Kisumu. Lakini kumpa mtoto vidonge vya malaria bila kupimwa damu ni kupiga risasi gizani. Ikiwa ni homa ya mafua, vidonge havitafanya kazi, nawe utakaa siku tatu ukisadiki kwamba umetibu. Tone moja la damu kidoleni hujibu swali hilo kwa muda wa dakika chache. Na damu ikionekana safi, usirudi nyumbani ukisema, "Hana ugonjwa." Useme, "Si malaria. Basi ni nini?"

Wasomaji wetu watauliza, "Tutajuaje basi kwamba mafua yamekuwa hatari, na sisi si madaktari?" Twawajibu kwamba kuna kipimo kimoja ambacho kila nyumba inacho, nacho ni saa. Karani wa majani hakadirii gunia kwa macho. Huliweka katika mizani, akaandika kilo. Vivyo hivyo tusikadirie pumzi ya mtoto kwa macho. Mtoto akiwa ametulia, si akilia wala akinyonya, fungua nguo uone kifua na tumbo. Tazama saa ya mkono au ya simu, uhesabu kila mara kifua kinapopanda, kwa dakika moja nzima. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kwa mtoto wa miezi miwili mpaka kabla ya kutimiza mwaka, 50 au zaidi. Kwa mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano, 40 au zaidi. Kwa yule wa chini ya miezi miwili rudia hesabu mara ya pili ili uwe na hakika, lakini usikae kuhesabu tena na tena kama dalili nyingine ya hatari umekwisha kuiona. Hesabu hizi si siri za madaktari. Ndizo wanazotumia wao wenyewe katika zahanati.

Pamoja na hesabu hiyo ziko dalili ambazo hazingoji kuhesabiwa. Nazo ni kifua kubonyea chini ya mbavu kila mtoto anapovuta pumzi, sauti ya kukoroma au kuguna anapopumua, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, kulegea au kulala asiamshike, na ulimi au midomo kuwa na rangi ya buluu. Rangi hii katika ngozi yetu nyeusi haionekani upesi, kwa hiyo tazama ulimi na ndani ya mdomo mahali penye nuru. Dalili moja tu yatosha.

Tena jihadhari na homa inayorudi. Kwa kawaida homa ya mafua hupungua baada ya siku tatu mpaka tano, ijapokuwa kikohozi hukaa zaidi. Mtoto akipata nafuu siku mbili, kisha homa ikarudi na pumzi ikawa ya upesi, mara nyingi ni kichomi, yaani ugonjwa wa mapafu, ulioingia kwa mlango uliofunguliwa na mafua. Hapo dawa za kuua bakteria huhitajiwa, na tena upesi. Lakini dawa hizo hazina nguvu juu ya virusi vyenyewe. Kuzinunua dukani siku ya kwanza ni kupoteza fedha na kuidhoofisha dawa kwa siku ya haja. Dawa ya virusi vya homa ya mafua ipo, nayo hufaa zaidi ikianzwa katika siku mbili za kwanza, kwa amri ya daktari.

Mtoto asiye na dalili za hatari aweza kuuguzwa nyumbani. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi, hata kama ni kidogo kidogo. Aliyeachishwa ziwa apewe maji safi, uji mwepesi na supu. Pua iliyoziba ilainishwe kwa matone ya maji ya chumvi kabla ya kunyonya. Dawa ya paracetamol yafaa kwa homa, kwa kipimo kinachofuata uzito wa mtoto. Lakini aliye chini ya miezi miwili asipewe kabla ya kuonwa na daktari. Aspirini asipewe mtoto hata kidogo, maana ikikutana na homa ya mafua yaweza kuleta ugonjwa wa kuharibu ini na ubongo. Asali nayo, ijapokuwa ni njema, asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja.

Nchi yetu ni ya baridi, na mama wa Kericho hupenda kumfunga mtoto mablanketi matatu. Mtoto mchanga ahifadhiwe na baridi, naam. Lakini mwenye homa akizidishiwa nguo, joto hukosa njia ya kutoka. Nguo nyepesi na blanketi moja humtosha. Usimwogeshe kwa maji baridi. Usimtie samli wala mafuta puani, kwani huteremka mapafuni. Usimpake mtoto mchanga dawa kali za kafuri. Na ile desturi ya kukata kimio cha mtoto anayekohoa, ambayo ipo katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, iachwe kabisa. Kimio hakileti kikohozi, bali wembe huleta kutoka damu na pepopunda.

Juu ya kinga, kikulacho ki nguoni mwako. Mtoto wa wiki saba haendi sokoni wala kituoni; ugonjwa huletewa nyumbani na wale wampendao. Baba mwenye mafua asimbusu mtoto, asimpulizie pumzi usoni, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika. Mama akiugua asimwachishe ziwa, kwa kuwa maziwa yake humpa mtoto kinga. Afunge kitambaa puani na mdomoni, anawe mikono, anyonyeshe. Dirisha lifunguliwe mchana, na mtoto asilazwe jikoni penye moshi wa kuni, kwa maana moshi hudhoofisha mapafu. Mtoto mwenye homa asipelekwe katika nyumba ya kulelea watoto ya shamba, maana watoto wadogo huweza kutoa virusi kwa juma moja na zaidi. Ipo pia chanjo ya homa ya mafua kwa watoto kuanzia miezi sita, na mama mwenye mimba akichanjwa humkinga mtoto atakayezaliwa. Muulizeni daktari kama yapatikana mahali penu. Na zile chanjo za kliniki zisikoswe hata moja, hasa ile ya kichomi ambayo Kenya imewapa watoto wachanga tangu mwaka 2011.

Tumalize kwa jambo ambalo karani wetu aliliandika mwishoni mwa barua yake, pengine bila kujua kwamba ndilo kubwa kuliko yote. Asema usiku ule wa Ijumaa yeye alikuwa bado kituoni akingojea lori la majani, na simu yake ilikuwa imezimika. Mkewe hakuwa na mtu wa kumwomba ruhusa wala nauli. Alikopa kwa jirani, akapanda pikipiki penye matope, akaenda. Bwana huyu auliza kama yampasa kumshukuru au kumkemea kwa kukopa bila shauri lake.

Bwana, mshukuru. Kisha ufanye zaidi ya kushukuru. Weka fedha ya nauli mahali ambapo mkeo apajua, nayo isiguswe kwa sukari wala kwa mbolea. Mwambie leo, mtoto akiwa mzima, kwamba hahitaji ruhusa yako wala ya mama yako ili kumpeleka mgonjwa hospitali. Twajua kwamba siku moja ya kutochuma chai ni mshahara uliopotea, na kwamba wengi husema, "Tungoje kesho, tuone." Majani yaliyoachwa leo yatachumwa juma lijalo. Lakini mtoto mchanga aliyeacha ziwa jioni, pengine kesho hana.